Miaka mingapi inatosha kuanza urubani? Kwa wazazi na vijana wa Kigoma na Tabora

Swali linaloulizwa kila mara, Mwanga, Ujiji, Kasulu mpaka Tabora mjini, ni lile lile: kijana awe na miaka mingapi ndipo aanze kujifunza kurusha ndege? Jibu la haraka ni 16. Shida ni kwamba hiyo 16 ni ya leseni moja tu kati ya nne, na zipo familia ambazo zikishaisikia zinaanza kutafuta mteja wa shamba la michikichi kabla ya kuuliza 16 inamruhusu kijana kufanya nini hasa. Inamruhusu mambo machache sana.

Leseni zote za urubani nchini ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Viwango vyake vinafuata vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo vimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Nchi za Afrika Mashariki zimeoanisha kanuni zao kupitia CASSOA, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha usalama wa anga chenye makao yake Entebbe, kwa hiyo kijana akienda kusomea Nairobi kwenye shule za uwanja wa Wilson, au Soroti kule Uganda, atakuta ngazi ni zile zile.

Ngazi ya kwanza ni leseni ya mwanafunzi rubani, miaka 16. Mwenye leseni hii anajifunza akiwa na mwalimu, na mwalimu akisharidhika na kutia sahihi, anaruka peke yake. Peke yake maana yake kiti cha pili kitupu. Habebi abiria hata kama ni mama yake mzazi, na hatoki nje ya eneo au safari aliyosainiwa.

Ya pili ni leseni ya rubani binafsi, ile wanayoiita PPL, miaka 17. Hapo unabeba abiria, lakini hulipwi. Ukimsafirisha jirani kutoka Kigoma kwenda Tabora akakupa nauli, umevunja sheria. Ya tatu ni leseni ya rubani wa biashara, CPL, miaka 18. Hii ndiyo leseni ya kazi, na ndiyo wazazi wengi wanayoifikiria wanaposema "leseni ya urubani". Ya nne, ATPL, ni ya nahodha wa ndege kubwa za abiria: miaka 21 na saa 1,500 angani.

Umri unaoangaliwa ni wa siku leseni inapotolewa, siyo wa siku masomo yanapoanza. Mwenye miaka 16 na nusu anaweza kuanza leo, akaruka peke yake, akamaliza saa zake zote na kupewa PPL wiki aliyotimiza 17. Mwenye 17 na miezi kadhaa anaweza kujenga saa za CPL akisubiri 18. Hakuna haja ya kukaa bure kungoja siku ya kuzaliwa.

Saa zenyewe ziko hivi. PPL inadai saa 40, au 35 kama mafunzo yote yamefanyika chini ya mtaala ulioidhinishwa. Ndani yake lazima ziwemo saa 10 za kuruka peke yako, na kati ya hizo, saa 5 za safari ya kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Mojawapo ya safari hizo iwe na jumla ya kilomita 270 au zaidi, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa kulinganisha tu, Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 350, mwendo wa saa moja na dakika arobaini na kitu kwa Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, inayokwenda noti 110, yaani karibu kilomita 200 kwa saa. Mtu aliyezoea kulala kwenye treni ya reli ya kati ataelewa kwa nini watoto wa huku wanaipenda ndege. CPL inadai saa 200, au 150 kwa mtaala ulioidhinishwa, pamoja na safari moja ya kilomita 540.

Namba 40 isikudanganye. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, na wanafunzi wengi huvuka hapo. Bajeti ya PPL ipangwe kwa saa 55 hadi 60. Tena shule nyingi hutoza kwa mita inayohesabu tangu injini inapowashwa mpaka inapozimwa, kwa hiyo hata dakika za kusubiri ruhusa ya kuondoka, ndege ikiwa chini inaunguruma, zinalipiwa. Kwenye uwanja wenye msongamano, saa moja unayolipia inaweza kukupa dakika 45 tu za hewani. Kabla ya kulinganisha bei za shule mbili, uliza kwanza mita inaanza kuhesabu lini na mafuta yamo ndani ya bei au la.

Sasa, je, kijana aanze akiwa na 16 kwa sababu tu sheria inaruhusu? Kwa maoni yangu, kwa familia nyingi za huku, hapana. Miaka 16 kwa kawaida yuko kidato cha tatu au cha nne. Ataruka wakati wa likizo tu, wiki tatu Juni na wiki chache Desemba, na urubani haufundishiki hivyo. Mwanafunzi anayeruka mara tatu kwa wiki anasonga mbele. Anayekaa miezi miwili bila kugusa usukani anarudi na kutumia saa tatu au nne za fedha ya mzazi kurudisha kile alichokuwa anakijua, hasa kutua: jicho linapoteza kipimo cha urefu wa mwisho kabla ya magurudumu kugusa lami, anavuta usukani mapema mno au kwa kuchelewa, ndege inadunda.

Ndugu mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, hili linakuhusu zaidi. Fedha ya tumbaku inaingia kwa msimu. Ukilipa awamu ya kwanza masoko yakiwa wazi, kisha kijana akasimama akisubiri msimu ujao, utalipia baadhi ya saa mara mbili. Ni afadhali kusubiri mwaka mzima mpaka fedha ya hatua moja kamili, yaani PPL yote, iwe mkononi, kisha aimalize ndani ya miezi minne au mitano bila kusimama. Na isilipwe yote kwa mkupuo mmoja. Lipa kwa mafungu ya saa kumi kumi, kila fungu na risiti yake, ili kama shule ikikwama au ndege ikilala karakana, usiwe umezamisha kila kitu.

Kipindi kizuri kwa wengi ni baada ya kidato cha sita, miaka 18 hadi 20. Fizikia na hisabati vinakuwa vimekaa kichwani, na PPL inaunganishwa moja kwa moja na CPL bila pengo. Mwenye kidato cha nne tu anaweza pia, ila ahakikishe hisabati, fizikia na Kiingereza vina alama za kueleweka, maana mitihani ya nadharia ina hali ya hewa, urambazaji, kanuni za kuruka, ufundi wa ndege na uwiano wa uzito, na hesabu zimo humo zote.

Kabla ya ada, kabla ya pasipoti, kabla ya kumuaga bibi, kuna cheti cha afya. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mwanafunzi na mwenye PPL wanahitaji cheti cha daraja la pili. Anayelenga kazi anahitaji daraja la kwanza. Ushauri wangu hauna kona: kama lengo ni kazi, pima daraja la kwanza tangu mwanzo, hata kama kwa hatua ya PPL daraja la pili lingetosha. Hakuna faida kutumia mamilioni kufika PPL halafu ukagundua kwamba CPL hutaipata kwa sababu ya macho.

Cheti hiki hakitolewi na daktari yeyote. Kinatolewa baada ya kupimwa na daktari aliyeteuliwa na TCAA kwa kazi hiyo. Lakini kabla ya kupanda treni, hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, inaweza kukupa picha ya awali: macho, sukari, shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu. Ukikuta tatizo, umelijua kwa gharama ndogo.

Macho: daraja la kwanza linataka 6/9 (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukisoma kwa mita 9) kwa kila jicho peke yake na 6/6 macho yote mawili yakitazama pamoja. Miwani inakubalika. Unachotakiwa ni kufikia kiwango ukiwa umeivaa, na kuwa na miwani ya akiba karibu yako kila unaporuka. Wako vijana walioacha ndoto hii kwa sababu tu walianza kuvaa miwani kidato cha pili, na hakuna aliyewaambia kwamba inaruhusiwa. Daraja la pili ni 6/12 kila jicho na 6/9 kwa pamoja.

Rangi ni habari nyingine. Unaonyeshwa kurasa za vidoadoa vyenye namba iliyojificha ndani yake, unazisoma moja baada ya nyingine. Asiyetofautisha nyekundu na kijani ana tatizo la kweli, kwa kuwa taa ya ncha ya bawa la kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani, na redio ikikatika mnara hukuongoza kwa mwanga wa rangi hizo hizo. Kipimo hiki mtoto wa darasa la sita anaweza kukifanya kwa mtaalamu wa macho. Ni busara kukifanya mapema, maana hali hiyo mtu huzaliwa nayo na haibadiliki kwa dawa.

Masikio hupimwa kwa mashine: kwa daraja la kwanza, upungufu usizidi desibeli 35 kwenye masafa ya sauti ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala 50 kwenye 3,000. Moyo hupimwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kifafa kinafunga mlango.

Halafu selimundu, jambo ambalo huku magharibi halizungumzwi vya kutosha. Mwenye ugonjwa wenyewe, yaani SS, kwa kawaida hapiti, kwani hewa nyembamba ya juu huweza kumletea shambulio. Lakini aliyebeba vinasaba tu, AS, kwa kawaida anapita, na viwango vya ICAO vinasema hivyo waziwazi. Mzazi asimkatize mwanawe kwa sababu karatasi ya maabara imeandikwa "sickling positive". Kipimo hicho cha haraka hakitenganishi AS na SS. Omba kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini, upate jibu kamili.

Cheti cha daraja la kwanza kinadumu miezi 12. Ukipima Januari na masomo yakaanza Septemba, miezi minane imekwenda bure. Kwa asiye na shaka yoyote ya kiafya, pima mwezi mmoja au miwili kabla ya kulipa ada. Mwenye shaka apime mapema zaidi, akubali hasara hiyo. Daraja la pili linadumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, 24 akishavuka 40, na 12 akishavuka 50.

Karatasi za umri nazo zina mambo yake. Watoto wengi huku walizaliwa nyumbani au hawakuandikishwa kwa wakati, na wengine walishushwa umri walipoandikishwa shule. Mtu anajikuta ana tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya kadi ya kliniki na nyingine ya shule. Kwenye usafiri wa anga tarehe moja itakufuata maisha yote: ndiyo itakayoamua siku ya PPL, siku muda wa cheti cha afya unapofupishwa ukifika 40, na siku ya kustaafu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti na kitambulisho cha NIDA lazima vilingane kwa tarehe na kwa mpangilio wa majina. Aliyechelewa kuandikishwa aanze ofisi ya RITA ya wilaya akiwa na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule na kiapo cha mzazi. Afanye hivyo akiwa kidato cha tatu, asisubiri shule ya urubani imwite. Aliye chini ya miaka 18 abebe pia idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayekwenda Soroti achanjwe homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka, la sivyo atarudishwa.

Je, kimo? Kanuni za leseni hazitaji sentimita. Kinachotakiwa ni miguu kufika mwisho wa pedali na macho kuona juu ya dashibodi. Mwenye miaka 16 ambaye bado anakua anaweza kuhitaji mto wa mgongoni na wa kukalia, na si aibu, shule nyingi wanayo. Ila kuna kitu kimoja kwenye Cessna ambacho kijana mfupi anatakiwa kukishika kuliko wote. Kiti kinateleza juu ya reli mbili zenye matundu, na pini ndiyo inayokifunga. Mfupi anakisogeza mbele kabisa. Kama pini imekaa ukingoni mwa tundu badala ya kuzama, ndege inapoinua pua kuondoka, kiti kinarudi nyuma kwa ghafla, na rubani, kwa kushtuka, anang'ang'ania usukani na kuuvuta. Pua inazidi kupanda, ndege inapoteza mwendo karibu na ardhi. Watu wamekufa hivyo. Kwa hiyo baada ya kusogeza kiti, shika fremu, tikisa kwa nguvu mbele na nyuma, sikiliza mpaka pini igonge chuma, kisha angalia kwa macho kwamba imezama. Fanya hivyo kila safari, hata kama ni wewe mwenyewe uliyekalia kiti hicho nusu saa iliyopita.

Kiingereza hakina umri, lakini kina daraja. Kuruka na kuwasiliana kimataifa kunataka daraja la 4 la ICAO au zaidi, linalorudiwa kila baada ya miaka 3. La 5 ni miaka 6, na la 6 halirudiwi. Wanapima mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, kuelewa, na kujibizana. Alama ya mwisho ni ile ya chini kabisa kati ya sita, si wastani. Kijana mwenye sarufi safi ya darasani lakini asiyeshika maneno ya haraka ya redio atapewa alama ya kuelewa kwake. Dawa yake ni kusikiliza na kurudia kwa sauti maelekezo ya redio, namba moja moja, mpaka yawe mdomoni.

Kwa aliyepata PPL akiwa na 17 na anataka kuja kuonyesha nyumbani, neno moja kuhusu Tabora. Aliyesomea Dar es Salaam alizoea uwanja ulio karibu na usawa wa bahari. Tabora iko karibu futi 3,900. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba uko futi 6,900 hivi, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, huku mabawa na propela navyo vikishika hewa kidogo. Kigoma, nyuzi 29, hesabu inafika kama futi 5,000. Ndege inatumia lami ndefu zaidi na kupanda polepole. Usijaze viti vinne na matangi yote mawili. Ondoka asubuhi, soma jedwali la mwendo wa kuondoka kwenye kitabu cha ndege, na punguza mafuta kwenye mchanganyiko kama kitabu kinavyoelekeza kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Mchanganyiko ulioachwa mzito kama wa Dar utaifanya injini ikohoe na kukunyima hata ile nguvu iliyobaki.

Upande wa juu wa umri, kujifunza hakuna mwisho. Mwenye 55 na afya njema anaweza kupata PPL. Ukomo upo kwenye kazi ya kubeba abiria au mizigo kwa malipo katika safari za kimataifa: miaka 65 ndege ikiwa na marubani wawili, na 60 rubani akiwa peke yake. Hiyo 60 ina uzito huku kwetu, kwani Caravan, ndege ndogo za abiria za aina ile inayotua Mahale na viwanja vya porini, zinaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, na safari ikivuka mpaka ukomo huo unamhusu. Anayeanza na miaka 40 bado ana muda wa kufanya kazi, ila apige hesabu vizuri: miaka miwili ya masomo kama hakuna pengo, kisha kutafuta saa kwenye ndege ndogo, na cheti cha afya ambacho, kwa rubani wa biashara anayebeba abiria bila rubani wa pili, baada ya 40 kinarudiwa kila miezi 6.

Na kwa aliyekwama kwenye afya, viwanja vya ndege vina kazi nyingine zenye umri wake. Fundi wa ndege anapata leseni kuanzia 18, na ICAO haimdai cheti cha daraja la kwanza. Mwongoza ndege ni 21, kwa cheti cha afya cha daraja la tatu, na wanafundishwa Dar es Salaam kwenye chuo cha TCAA chenyewe. Mpangaji wa safari za ndege, yule anayekokotoa mafuta, njia na hali ya hewa kabla nahodha hajasaini, naye ni 21, na leseni yake haidai kupimwa afya hata kidogo.